Usimuulize "Mimi ni nani?"

Kila tulipofika Ifunda kumsalimu bibi, tulianza na mtihani. "Kamwene, bibi. Haya, mimi ni nani?" Anatabasamu, analitafuta jina, halipati. Mwishowe akisikia tu pikipiki uani, anajifungia chumbani. Nilichelewa sana kuelewa kwamba sisi ndio tuliomkimbiza.

Kama una mzee anayesahau, acha kumtahini. Mshike mkono, ujitaje mwenyewe: "Kamwene, bibi. Ni mimi, mtoto wa binti yako mkubwa, nimetoka Mbeya." Kazi ya kukumbuka ifanye wewe.

La pili nilifundishwa na milulu, majani ya kusukia vikapu. Siku moja mama mdogo alileta tita zima. Bibi, ambaye asubuhi hiyo alikuwa ameuliza mara sita kama tumekula, alivuta majani machache akaanza kitako cha kikapu, na vidole havikukosea hata mara moja. Nililia. Baadaye nilisoma habari za Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa ubongo mwaka 1953 ili kutibiwa kifafa. Sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuunda kumbukumbu mpya, iliondolewa pande zote mbili, akawa hawezi kuhifadhi tukio jipya. Lakini mtafiti Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota huku akiutazama mkono wake kwenye kioo tu, alizidi kulimudu siku hadi siku, ingawa kila siku aliliona geni. Kumbe ustadi wa mikono hukaa kwingine kabisa. Basi mpe mzee wako kazi aliyoizoea: achambue maharage, amenye viazi, asuke. Usimpokonye eti atachoka.

Majirani walinong'ona kuwa karogwa, sisi tukasema ni uzee. Wote tulikosea kwa kutompeleka hospitali mapema. Tulipompeleka, presha ilikuwa juu na masikio yamefifia. Na mtu asiyesikia unachosema atakikumbukaje? Mwaka 2024 wataalamu wa jarida la tiba la Lancet walitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, yakiwemo presha, kisukari na usikivu hafifu, wakakadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Mwambie daktari apime pia upungufu wa vitamini B12 na tezi ya shingo. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, usingoje kesho: huenda ni maambukizi ya mkojo au nimonia.

Bibi bado hanijui jina. Wiki iliyopita alinisogezea milulu, akanionyesha pa kuanzia.