Panya wa Rett walipona 2007, mbona watoto wetu bado?

Dada, pole na mahangaiko. Umeuliza, kama panya wenye Rett, ugonjwa wa jeni unaoathiri ubongo, hasa kwa wasichana, waliponyeshwa tangu 2007, mbona binti yako anapewa dawa za kifafa tu. Mimi si daktari. Nimewatunza panya hao miaka mitatu kwenye maabara ya chuo kimoja huku Uingereza, basi nakujibu kwa niliyoyaona.

Panya dume asiye na jeni ya MECP2, ile inayoharibika kwa wenye Rett, huzaliwa mzuri tu, ananyonya, anakimbia. Wiki ya sita hivi anaanza kutetemeka na kuyumba. Ukimwinua kwa mkia, panya mzima hutanua miguu ya nyuma. Huyu huikunja na kuifumbata. Siku ya kwanza kuona nilikumbuka watoto wa Rett wanavyosokota mikono kama wananawa. Wengi hawafiki mbali baada ya wiki ya kumi.

Sasa, mtafiti Adrian Bird na wenzake kule Edinburgh, waliofanya jaribio lile la 2007, hawakuwatia panya jeni mpya. Waliwazalisha wakiwa na jeni yao ndani, ila imefungwa, na dawa ya tamoksifeni ndiyo ikaifungua. Yaani kufuli na ufunguo vilipangwa kabla panya hajazaliwa. Kwa binti yako jeni haikufungwa, imeharibika. Walichoonyesha ni kwamba seli za ubongo hazijafa, na hilo si dogo hata kidogo! Lakini hata hapo, jeni ilipofunguliwa kwa ghafla baadhi ya panya walikufa. Ikabidi dawa itolewe kidogo kidogo.

Shida kubwa ni kiasi. Msichana ana kromosomu X mbili, na kila seli huzima moja. Kwa hiyo karibu nusu ya seli za ubongo wa binti yako zina MECP2 nzima. Jeni nzima ikibebwa na kirusi kilichoondolewa madhara, inaingia kote, hata kusikohitaji, na protini inayotengenezwa na jeni hii ikizidi ni ugonjwa mwingine; kuna watoto wanaozaliwa na jeni hii imejirudia, nao huugua vibaya. Ni sufuria ya wali ambayo nusu ya punje zimeshakolea chumvi: unaongeza vipi?

Majaribio ya jeni kwa binadamu yalianza 2023. Mwaka huohuo Marekani iliidhinisha dawa ya trofinetide, inayopunguza makali kwa baadhi ya wagonjwa, ila huharisha sana na haigusi jeni.

Kipimo cha jeni mlifanya? Tazama karatasi imeandikwa badiliko gani. R133C mara nyingi huwa na nafuu kuliko R168X.