Kadi Unayo, Jina Je, Lipo?

Machi 2025 msomaji wa Mbagala aliniandikia: "Dada, Oktoba nilijiandikisha mtaani na Novemba nikapiga kura. Mbona tunaambiwa tujiandikishe tena?" Swali hili niliulizwa sana, hasa na vijana waliofikisha miaka 18 karibuni.

Mdogo wangu, ile ya Oktoba 2024 ilikuwa orodha ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27. Rais, mbunge na diwani wanachaguliwa kwa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, la Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Kuwemo kwenye orodha ile hakukuingizi kwenye Daftari.

Sasa niwaambie yangu. Uchaguzi wa 2020 nilitoka Goba alfajiri kwenda Tandale, maana tulihama uboreshaji wa Daftari ukiwa umeshapita. Daladala mbili, mtoto mgongoni. Shuleni vituo vilikuwa vingi, kila darasa na orodha yake. Nikaambiwa, "Jina halipo mama, kaa pembeni." Kijana mmoja nyuma yangu akasema nirudi nikapike, nawachelewesha watu. Kauli ile inaniuma mpaka leo.

Pembeni sikukaa. Nilipita madarasa yote, kidole ukutani, jina baada ya jina, mpaka nikajiona kwenye orodha ya darasa la mwisho kule karibu na vyoo. Mwanahamisi mimi nimeandikwa Mwanamisi! Namba ya kadi ikaoana, nikapiga kura yangu. Yule kijana nikampita bado yuko kwenye foleni, wala sikumwangalia. (Nilimwangalia kidogo.)

Basi sikilizeni. Kadi peke yake haitoshi, jina liwe kwenye orodha ya kituo unachokwenda. Hapa Dar zoezi la kuboresha Daftari lilianza tarehe 17 Machi 2025, likafungwa Jumapili tarehe 23, vituo vilikuwa wazi saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni. Aliyehama alikwenda na kadi yake ya zamani kwenye kituo cha alikohamia, bila kuhangaika kurudi alikotoka. Aliyepoteza kadi au iliyemfutika alikwenda hapohapo. Mwenye kadi ya 2015 au 2020 na hakuna kilichobadilika, kadi yake ilikuwa bado halali, alitulia nyumbani, kwani kujiandikisha mara mbili ni kosa la jinai. Daftari la awali likibandikwa, jamani, nendeni mkasome majina yenu herufi kwa herufi. Watu hawaendi! Halafu siku ya kura wanalia wameibiwa haki. Mimi jina langu nimeshalihamishia Goba, na ile "ha" yangu imerudi.

Na marehemu wetu je? Jina halijiondoi lenyewe, lazima mtu apeleke taarifa. Nimepeleka ya mjomba, mkewe akaninunia, eti nimekwenda kumfutia mume. Nimemweleza, hataki kusikia. Taarifa imepokelewa, kununa aendelee.