Barua kwa Mwanangu: Kama Si Wewe, Ningekuwa Nani

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako uliingia usiku wa manane, nikausoma alfajiri nikiwa bado kitandani. Mstari mmoja tu: "Mama, kama si mimi, ungekuwa nani?" Swali hilo najua lilikotoka. Siku uliyokuja kunisaidia kuhamisha kabati, uliiona bahasha ya chuo cha kuchora ramani chini ya vyeti. Ukasoma jina langu la usichana juu yake, ukatoa barua ukaipitia, kisha ukairudisha mahali pake polepole, kama mtu anayefunika chombo cha watu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Hukusema neno, nami sikusema.

Tangu nisome ujumbe wako nimekupigia simu mara tatu, na mara zote nimeishia kukuuliza habari za kazi. Basi naandika.

Nianze na kitu kidogo ambacho pengine ulikiandika bila kukipima. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa mkali juu ya -nge- na -ngali-. Alituambia -nge- ni ya jambo ambalo bado lina nafasi, na -ngali- ni ya jambo ambalo wakati wake umekwisha. Siku hizi wengi wetu tunazichanganya, wala hatugombani. Lakini wewe uliandika "ungekuwa", hukuandika "ungalikuwa", na neno hilo limenikaa kifuani. Mimi miaka yote hii nimeishi ndani ya -ngali-. Ningalikwenda. Ningalisoma. Ningalichora.

Ndiyo, mwanangu, ninaota. Sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako. Ndoto ni ileile na huja karibu na kupambazuka. Nimekaa mbele ya meza ya kuchorea iliyoinama, taa iko upande wa kushoto, na chini ya mkono wangu kuna karatasi angavu iliyobandikwa pembe nne. Ninachora pwani. Mstari unakwenda, unaingia kwenye ghuba, unatoka, unazunguka rasi, na wino hauishi. Nyuma yangu kuna watu wanafanya kazi, na mmoja ananiita kwa jina langu la usichana. Naamka vidole vitatu vya mkono wa kulia vimejikunja, vimeshika kalamu ambayo haipo.

Na katika chumba kile hakuna anayeniita Mama. Nimelifikiria sana jambo hili kabla ya kuliandika, maana ndilo nililokuwa nakuficha. Umeniuliza kama mtu mzima, nami nakujibu kama mtu mzima.

Zamani niliamini ndoto ya alfajiri ni ujumbe. Baadaye nikasoma kwamba tangu mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman walipoandika kuhusu usingizi ule ambao macho huchezacheza chini ya kope, wataalamu wamekuja kujua kwamba ndoto zilizo wazi zaidi hutujia sana wakati huo, na kwamba vipindi vyake hurefuka kadiri usiku unavyoelekea kwisha. Ndiyo maana yangu huja alfajiri na ndiyo maana naikumbuka: naamka ikiwa bado mbichi. Kujua hivyo kulinipunguzia woga. Uchungu ulibaki palepale.

Sasa nikueleze habari ya barua yenyewe.

Umekua ukinisikia nikisema, "Mimi niliacha chuo kwa ajili ya huyu." Nilianza kusema hivyo ukiwa mdogo sana, mbele ya ndugu, nikikushika kichwa. Watu walinisifu. Nikarudia. Ikawa ndiyo historia yetu, kila mtu anaijua, na wewe ukakua ndani yake. Nakumbuka ulikuwa na miaka tisa, umerudi shuleni na ripoti yako. Ulikuwa wa pili. Hukukimbia kuja kuniambia kama watoto wengine. Ulisimama mbele yangu viatu vikiwa bado miguuni, ukanipa karatasi kwa mikono miwili, ukauliza, "Mama, hii inatosha?" Nilicheka, nikakukumbatia, nikadhani unauliza kuhusu kuwa wa pili. Ilinichukua miaka mingi kuelewa kwamba ulikuwa unauliza kuhusu deni.

Mwanangu, hukuwa na deni. Barua ile ukiichukua tena, itazame kwa makini chini, aya ya mwisho. Inasema nithibitishe nafasi yangu kabla ya tarehe 28 Februari. Wewe ulizaliwa Desemba mwaka uleule, kwa miezi yako tisa kamili. Nimefanya kazi ya hesabu miaka 29, najua kutoa. Desemba ukitoa tisa unapata Machi. Siku ile ya mwisho ilipopita, wewe hukuwapo. Hata fununu yako haikuwapo.

Na baba yako pia usimlaumu moyoni. Tulikuwa wachumba. Aliniambia, "Nenda, mimi nipo." Alisema hivyo mara mbili.

Kilichotokea ni hiki. Tuliitwa kwenye usaili, vijana kama kumi na watano, wasichana tulikuwa wawili. Tulipewa kipande cha ramani ya kilima tukifuatize kwa wino. Mistari ya kontua, unajua, ile inayounganisha sehemu zenye mwinuko mmoja. Kila mstari wa tano huwa mnene kidogo ili macho yapate pa kushika. Huruhusiwi kugusanisha miwili isipokuwa penye mwamba uliosimama wima. Mkono wangu ulikuwa mzuri, naweza kusema hivyo bila haya. Lakini kwenye mteremko wa upande mmoja, pale mistari inaposongamana, nilitetemeka na wino ukavuka. Msimamizi mmoja alikuja, akachukua wembe, akaukwangua mstari wangu taratibu, kwa maana wino kwenye karatasi ile haufutiki kwa kifutio, hukwanguliwa. Akasema bila ukali wowote, "Mkono huu una hofu." Akaendelea kwa mwingine.

Nikapata nafasi hata hivyo. Barua ikaja. Nikaandika jibu la kukubali siku ileile, nikaitia kwenye bahasha, nikaandika anwani. Nikatembea nayo kwenye mkoba wiki tatu. Kila siku nilipita mbele ya sanduku la posta. Siku nyingine nilijiambia mvua, siku nyingine foleni, siku nyingine kesho. Nilikuwa nausikia ule wembe. Tarehe 28 nilipita nikiwa nimeukumbatia mkoba, sikugeuka hata kutazama.

Machi nikapata mimba. Nilipojua, nililia kwa furaha, na hilo halina uongo ndani yake. Lakini ndani ya furaha ile kulikuwa na ahueni nyingine ambayo sikuitaja: sasa nina sababu. Ukisema umeogopa, watu hukuhurumia. Ukisema umejitoa kwa ajili ya mtoto, wanasimama kukuheshimu. Nikachagua la pili, na mtu niliyemtwika alikuwa hajaweza hata kushika kichwa chake.

Nisamehe. Nimeliandika neno hilo peke yake kwa sababu sitaki lifichwe na maelezo.

Kwa hiyo swali lako jibu lake ni hili. Kama si wewe, ningekuwa mwanamke yuleyule mwenye barua kwenye mkoba. Labda ningetafuta sababu nyingine. Ningesema bibi yako alikuwa mgonjwa, au ada, au umbali. Yule mchora ramani wa ndoto hukumwondoa wewe, alikuwa ameshaondoka kabla yako.

Lakini sitaki udhani kwamba namkana. Nimeishi naye muda mrefu. Nikiwa ofisini najumlisha leja, yeye alikuwa kwenye meza yake. Nilimpa kila kitu: mwanga mzuri, wenzake waungwana, safari, nywele ambazo hazikuwahi kupata mvi. Siku moja nikashtuka kwamba sijawahi kumpa hata siku moja ya kuumwa jino. Tena kazi yenyewe ya kuchora kwa mkono haikudumu. Kompyuta zikaingia kwenye vyumba vile, na wachoraji wengi wa kalamu na wembe wakalazimika kujifunza upya au kuondoka. Yeye sikumpeleka huko. Kwangu alibaki na wino wake, haguswi na chochote kilichowagusa wenzake wa kweli.

Katika vitabu vyangu vya ramani, vile unavyoviona juu ya kabati, kuna jambo ambalo hunisaidia kumfikiria. Mwaka 1569 Gerardus Mercator alitengeneza ramani kwa ajili ya mabaharia. Ukichora juu yake mstari ulionyooka, unaweza kuufuata kwa dira bila kubadili uelekeo, na kwa mtu wa baharini hiyo ni neema kubwa. Ila dunia ni mviringo na karatasi ni bapa, lazima pawe na mahali pa kulipia. Hulipiwa mbali na ikweta. Kadiri unavyokwenda kuelekea ncha za dunia ndivyo nchi zinavyovimba. Greenland huonekana inakaribia kulingana na Afrika, na kumbe Afrika ni kubwa kuliko hiyo takriban mara 14. Ramani hiyo haina nia mbaya. Imechorwa hivyo kwa sababu ya mahali ilipoanzia kupimia.

Mimi nilisimama kwenye dawati langu nikayapima maisha yale ya mbali, yakavimba. Na haya yaliyo chini ya miguu yangu, ya kukuogesha, ya kukungoja ukirudi kwenye mtihani, ya baba yako akipiga mluzi nje ili nijue ni yeye, yakabaki na ukubwa wake wa kweli, na kwenye karatasi yakaonekana madogo.

Uliwahi kuniuliza, ukiwa chuo, kama najutia chochote, nikakujibu sina. Ninacho. Najutia kutotia barua ile posta. Mwaka 1995 Thomas Gilovich na Victoria Medvec walichapisha utafiti wao kuhusu majuto, wakaeleza kwamba kwa muda mfupi watu huumizwa zaidi na walichokifanya, lakini wakiyatazama maisha yao kwa urefu, linalowakaa zaidi ni lile ambalo hawakulifanya. Nilipoyasoma hayo niliweka kitabu chini nikatoka nje. Mwaka uleule, pamoja na mwenzao mwingine, walichapisha pia kuhusu washindi wa Olimpiki ya Barcelona ya mwaka 1992: wale wa shaba walionekana wenye furaha kuliko wale wa fedha. Wa fedha anaitazama dhahabu iliyomponyoka, wa shaba anatazama kwamba angeweza kutoka mikono mitupu. Nimekuwa mtu wa fedha miaka mingi, mwanangu, na wewe ndiye uliyekuwa shingoni mwangu huku mimi nimegeuza uso.

Hilo la kugeuza uso ndilo linaloniuma kuliko chuo. Chuo nilikikosa mara moja. Ripoti yako ile niliipokea na akili yangu ilikuwa imegawanyika.

Kuna jambo moja zaidi, na hapa nasema kama mama. Unaposimama mbele ya uamuzi wako huu unaousogeza mbele kila mwezi, usiniweke mimi kwenye hesabu. Usikae kwa kunionea huruma, usiondoke ili unilipie nilichokosa. Nimekusikia kwenye simu ukisema "ngoja kwanza" kwa sauti ninayoijua, kwa sababu ni yangu. Kama ni woga, uite woga, hata kama utaamua kukaa. Mimi sikuuita jina lake, ukakaa nyumbani kwetu miaka yote hiyo kama mgeni asiyetambulishwa.

Jumapili iliyopita nilimwita shangazi yako nikamweleza yote. Alikuwa wa kwanza kunisifu enzi zile, nikaona awe wa kwanza kusikia. Wadogo zako nitawaambia wiki hii, mmoja mmoja. Shangazi alinyamaza kidogo, akapanga kanga yake magotini, kisha akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia: "Na zile kalamu ziko wapi?"

Zipo. Zilikuwa nne, imebaki tatu, kwenye kopo la bati nyuma ya cherehani. Ile nyembamba ncha yake ni milimita 0.25. Wino ulikaukia ndani tangu kabla hujazaliwa, ukawa mgumu kama jiwe. Nilizifungua vipande vipande, nikazilaza kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, nikaiweka dirishani. Siku ya kwanza maji yalibaki meupe. Ya pili vilevile. Leo asubuhi nimeamka, sikuota, nikaenda kutazama. Kutoka kwenye ile nyembamba kulikuwa na uzi mweusi unateremka taratibu ndani ya maji.

Nipigie ukimaliza kusoma. Sitakuuliza habari za kazi.

Mama yako