Mtoto Anaweza Kufika Shuleni kwa Miguu

Juma lililopita msomaji mmoja wa Buhongwa, hapa Mwanza, aliniuliza kama si hatari kumwachisha mtoto wa darasa la pili gari la shule, ilhali barabara iendayo Shinyanga imejaa malori na bodaboda zisizosubiri mtu. Ninamjibu hadharani, kwa kuwa mtaani kwetu Mabatini jambo hili limewezekana ingawa wapo waliolicheka.

Nilipoacha kuwapeleka wanangu kwa gari, jirani mmoja alitangaza kwamba nimeishiwa fedha za mafuta. Maneno yale yaliniuma, na yananiuma hata leo, hasa kwa kuwa mwanawe sasa hutembea pamoja na wanangu na mzazi huyo hajawahi kushika zamu ya kuwasindikiza.

Siri ni kwamba watoto hawaendi mmoja mmoja. Mtu mzima mmoja hutangulia na mwingine hufunga msafara, wakiwapitia watoto kwa saa inayojulikana, utaratibu ambao ulianza kuenezwa Australia miaka ya 1990. Njia tuliikagua wenyewe alfajiri, tukachagua ile ya mlimani kati ya miamba, ambayo ni ndefu zaidi lakini haina magari. Mvua kubwa ikinyesha na Mto Mirongo ukajaa, tunazunguka.

Giza nalo lisipuuzwe. Jua huchomoza Mwanza takribani dakika 25 baada ya Dar es Salaam, lakini saa zetu ni zilezile, kwa hiyo saa 12 na robo asubuhi sweta la bluu halionekani kabisa machoni pa dereva. Sisi tuliwanunulia watoto vizibao vya reflekta kama vya bodaboda.

Hata hivyo, kazi kubwa ni kuvuka. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, watoto hutembea upande wa kulia ili wayaone magari yanayowajia, na kabla ya kuvuka hutazama kulia, kushoto, kisha kulia tena. Mtoto mdogo hawezi kukadiria mwendo wa gari, na mistari ya pundamilia haimzuii dereva asiyetaka kusimama. Lori likisimama na dereva akawapungia mkono, msimamizi hutoka kwanza peke yake hadi ukingo wa lori, kwani bodaboda huchomoka ubavuni mwake bila kujua kwa nini limesimama.

Nawe mzazi unayesisitiza kumshusha mwanao getini kabisa, fahamu kwamba gari lako linaporudi kinyumenyume pale ni hatari kwa watoto wa wenzako. Mshushe mbali kidogo, umsindikize.

Msomaji wangu wa Buhongwa atafute kwanza wazazi wawili au watatu wa njia moja. Siku ambayo hakuna mtu mzima wa zamu, mtoto apande gari la shule. Barabara ile asiivuke peke yake.