Al Green, Greatest Hits: anza na mkusanyiko, ila angalia ni toleo lipi

Mkuu, umeuliza kama uanze kumsikiliza Al Green, mwimbaji wa soul wa Marekani, kwa Greatest Hits ya 1975, ule mkusanyiko wa nyimbo zake zilizovuma, au uende moja kwa moja kwenye albamu zake, na mchangiaji mmoja kakujibu kuwa mikusanyiko ni ya wavivu. Mimi nasema anza nayo. Nimepiga gitaa la besi kwenye bendi za hotelini hapa Dar miaka mingi, na nyimbo za huyu mzee tumezipiga kopi mpaka basi.

Huyo mchangiaji ana hoja kwa wasanii wengi. Kampuni inaokota wimbo wa studio hii, wa studio ile, prodyuza tofauti, miaka imepishana, na ukisikiliza ni kama daladala inayosimama kila kona. Ya Al Green ni habari nyingine. Nyimbo 10 za toleo la kwanza zilitoka kati ya 1970 na 1974, zote kazi ya prodyuza mmoja, Willie Mitchell, ndani ya Royal Studios, Memphis. Jengo lile lilikuwa sinema zamani, na sakafu yake ina mteremko mpaka leo. Wapigaji ni walewale: ndugu watatu wa familia ya Hodges, yaani Teenie kwenye gitaa, Charles kwenye kinanda na Leroy kwenye besi. Dramu walipokezana Howard Grimes na Al Jackson Jr., yule wa bendi ya Booker T. & the M.G.'s. Kwa hiyo unasikiliza kitu kimoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, japo kimekusanywa.

Sasa kuhusu hizo dramu. Tulipokuwa tunaanza mazoezi ya Let's Stay Together, mpiga dramu wetu, kijana mwepesi kweli wa mikono, alikuwa anajaza kila nafasi. Wimbo ukawa unakimbia, hauna utamu. Kiongozi wa bendi, mzee aliyekulia kwenye dansi, hakubishana naye. Alisimama, akafungua matoazi yote akayaweka chini, akabakiza yale ya kukanyaga tu. "Haya mwanangu, piga sasa." Kijana akabaki na pigo la pili na la nne, zito, linalochelewa kidogo, na ghafla ukawa wimbo wenyewe. Besi nayo ni vilevile. Leroy Hodges anapiga noti chache kisha anaacha pengo, na ukilijaza lile pengo umeharibu, maana ndimo sauti ya Al Green inamopita.

Hiyo sauti nayo ina historia yake, na mkusanyiko huu unaionyesha vizuri kuliko albamu yoyote moja. Mitchell alikuwa akimsukuma aache kuunguruma kama waimbaji wengine wa soul wa wakati ule, aimbe kwa upole, karibu na kunong'ona. Geuza santuri upande wa pili. Unaanza na Let's Stay Together, uliofika namba moja Marekani mwanzoni mwa 1972, sauti laini kabisa. Unaofuata ni I Can't Get Next to You, wimbo wa The Temptations alioupunguza mwendo ukawa bluzi, na huo ulitoka kabla ya Let's Stay Together. Humo bado anakwaruza, analazimisha. Dakika chache tu na umesikia mtu alivyobadilika.

How Can You Mend a Broken Heart ni wa Bee Gees, lakini yeye anauvuta kwa zaidi ya dakika sita bila kuwa na haraka na mtu. Maharusi wengi wametuomba tuupige wakati wa kukata keki. Maneno ni ya mtu aliyeumizwa na mapenzi, ila hatujawahi kumwambia bwana harusi yeyote, hela ilishalipwa.

Cha kuangalia ni toleo. Santuri ya 1975 haina Love and Happiness. Wimbo ule uko kwenye albamu ya I'm Still in Love with You ya 1972, na kwenye mikusanyiko uliingia Greatest Hits Volume II ya 1977. Matoleo ya CD yaliyofuata yaliongezewa nyimbo, ukiwemo huo, ndiyo maana watu hubishana humu kila mmoja akiapa kwa nakala yake. Ukinunua santuri kuukuu, soma orodha nyuma ya jalada kabla ya kutoa pesa. Take Me to the River nao haumo kwenye ile ya 1975. Utafute Al Green Explores Your Mind ya 1974.

Ukimaliza hapo, chukua Call Me ya 1973 nzima. Kuna wimbo wa Hank Williams na wa Willie Nelson, muziki wa kantri huo, na anauimba kana kwamba ulitungwa kwa ajili yake. Inafunga na Jesus Is Waiting. Miaka mitatu baadaye jamaa alikuwa mchungaji na kanisa lake mwenyewe hapohapo Memphis, Full Gospel Tabernacle. Kwenye wimbo ule tayari anasali, na Leroy bado anaacha mapengo yake.