Unakwenda Pemba wakati wa kusi? Soma kwanza

Bandarini Malindi, mjini Unguja, utaambiwa safari ya Pemba ni ya saa chache tu. Kweli, ila saa zenyewe hazilingani. Boti ikitoka mjini hufuata upande wa magharibi wa Unguja na kisiwa kinazuia upepo, kwa hiyo watu wanakula, wanapiga soga, wengine wamelala. Ukishaiacha Nungwi, ncha ya kaskazini ya Unguja, kinga imekwisha. Kati ya hapo na Pemba kuna kiasi cha kilomita 50 za maji, ndio mkondo wenyewe, mashariki ni bahari kuu tupu, na kusi, yaani upepo wa kusini, likivuma mawimbi yanakuja ya ubavuni. Bahari hutulia tena mkikaribia Mkoani, bandari ya Pemba.

Basi la kufanya lifanye mapema. Dawa ya kichefuchefu imeze ungali nchi kavu, nusu saa au saa nzima kabla ya kuondoka. Ukingoja roho ichafuke, utaitapika pamoja na chai. Wala usipande na njaa, maana tumbo tupu linasumbua zaidi. Mimi hula mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha. Urojo usubiri.

Kiti nacho kina maneno. Wengi wanagombania mbele, au wanalipia zaidi wakae juu, na huko ndiko boti inakorusha watu. Kaa chini, katikati, ukisogea kidogo kuelekea tezi, yaani nyuma ya boti. Tazama mbali nje ya dirisha na simu itie mfukoni. Baharia akianza kugawa vifuko kabla hajalalamika mtu, jua mkondo uko karibu. Chukua chako, uanaume utauonyesha Mkoani. Jirani yako akitapika usimtazame, utamfuata.

Kama tarehe unapanga mwenyewe, epuka Juni hadi Agosti. Oktoba na Novemba, wakati wa tangambili, upepo unapogeuka, maji huwa mapole zaidi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, zisome kabla ya kukata tiketi.

Safari ikiahirishwa, usigombane na mkata tiketi, na usikimbilie Mkokotoni kutafuta jahazi la kukuvusha. Huu ndio mkondo uliozamisha MV Spice Islander usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, ikiwa imejaza kupita kiasi, na mamia ya watu hawakurudi. Meli ikionekana imeshona, shuka, nauli utaidai kesho. Ukishakaa, uliza jaketi za kuokolea ziko wapi na uone kwa macho yako, usitosheke na kuonyeshwa kidole.

Mtoto wa kupakatwa naye hakikisha jina lake limeandikwa, hata kama halipiwi. Likitokea la kutokea, wanaotafutwa ni wale waliomo kwenye orodha.