Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Nywele za Wanadamu Hazina Rangi Moja?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kirumba, Mwanza. Wanafunzi wangu huwaona watalii wanaokwenda Kisiwa cha Saanane, wengine wakiwa na nywele za rangi ya dhahabu, wengine nyekundu, wengine kahawia, na wameniuliza kwa nini sisi, pamoja na Wahindi na Wachina, karibu sote tuna nywele nyeusi. Mwalimu mwenzangu anasema sababu ni baridi ya Ulaya. Je, ni kweli? — Msomaji, Kirumba.

JIBU: Mwalimu, baridi yenyewe haigeuzi rangi ya nywele. Wainuit wa Greenland wameishi kwenye barafu vizazi na vizazi, na nywele zao ni nyeusi kama zetu. Jibu liko chini ya ngozi, kwenye shina la kila unywele, ambako seli maalumu hutengeneza rangi iitwayo melanini na kuipenyeza ndani ya unywele unapokua. Melanini hiyo ni ya aina mbili: yumelanini, ambayo ni nyeusi au kahawia, na feomelanini, ambayo ina wekundu na unjano. Unywele wenye yumelanini nyingi huwa mweusi, ikipungua huwa kahawia, ikipungua sana huwa wa dhahabu, na feomelanini ikizidi unywele huwa mwekundu. Wanadamu wote, popote walipo, wanatumia rangi hizo mbili tu. Tofauti ni kiasi na uwiano wake, na mambo hayo huamuliwa na jeni tunazorithi kwa wazazi.

Jeni hizo ni nyingi. Utafiti uliotolewa mwaka 2018, uliohusisha watu karibu 300,000 wenye asili ya Ulaya, uliziona zaidi ya 100 zenye mchango katika rangi ya nywele. Inayojulikana zaidi ni MC1R, iliyo kwenye kromosomu ya 16, ambayo kazi yake ni kuiamuru seli itengeneze yumelanini. Mwaka 1995 watafiti walionyesha kwamba watu wenye nywele nyekundu, ambao ni wengi zaidi Scotland na Ireland kuliko kwingineko, wana jeni hiyo ikiwa imepungukiwa nguvu. Kwa kawaida mtoto huwa na nywele nyekundu pale tu anaporithi jeni dhaifu kwa baba na kwa mama pia, na ndiyo maana wazazi wawili wenye nywele kahawia wanaweza kumpata mtoto mwenye nywele nyekundu bila mtu yeyote kuwa na la kujieleza.

Hapa ndipo jua linapoingia, ingawa si kwa namna anayodhani mwenzako. Afrika, ambako jua ni kali, yumelanini ni kinga ya ngozi, na mabadiliko yaliyoidhoofisha MC1R hayakupata nafasi ya kuenea, kwa kuwa aliyekuwa nayo aliungua na jua na kuathirika kuliko wenzake. Kaskazini mwa Ulaya, kwenye jua hafifu, shinikizo hilo lililegea na mabadiliko hayo yakasalia katika jamii.

Hata hivyo, maelezo hayo yanatosha kwa nywele nyekundu kuliko kwa zile za dhahabu. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza badiliko la herufi moja tu ya vinasaba, mbali kidogo na jeni iitwayo KITLG, ambalo hupunguza utendaji wa jeni hiyo kwenye shina la unywele kwa asilimia 20 hivi, kama mvuvi wa dagaa anavyopunguza mwanga wa karabai bila kuizima. Ngozi na macho havibadilishwi nalo. Badiliko hilo ni la zamani: limeonekana kwenye mifupa ya mtu aliyeishi Siberia, karibu na Mto Yenisei, zaidi ya miaka 15,000 iliyopita. Kwa hiyo haliwezi kuelezwa kwa hoja ya ngozi na jua peke yake. Wapo wataalamu wanaodhani kwamba nywele hizo zilienea kwa sababu ziliwavutia wachumba, na wengine wanaona kwamba katika makundi madogo ya watu hali kama hiyo huweza kuenea kwa bahati tu. Mimi naona hoja ya bahati isipuuzwe, maana makundi ya wawindaji wa enzi hizo yalikuwa madogo kweli.

Tena wanafunzi wako wasidhani kwamba nywele za dhahabu ni za Wazungu pekee. Katika Visiwa vya Solomon, kwenye Bahari ya Pasifiki, wanaishi watu weusi sana wa ngozi, na kati ya asilimia 5 na 10 yao wana nywele za dhahabu. Wenyeji walizoea kusema ni kwa ajili ya jua na kula samaki. Wageni walisema ni damu ya mabaharia wa Ulaya. Mwaka 2012 ukweli ukajulikana: chanzo ni badiliko katika jeni nyingine kabisa, TYRP1, ambalo Wazungu hawana. Rangi moja, basi, imezuka mara mbili kwa njia mbili tofauti. Nako Asia ya Mashariki ngozi ilipungua weusi kwa kupitia jeni nyingine, lakini nywele zikabaki nyeusi. Ukiutazama mfano huo pamoja na ule wa Solomon, utaona kwamba rangi ya nywele si kipimo cha ukoo wa mtu wala haifuatani na ngozi kila mara.

SWALI: Mwanangu wa mwisho ana miaka miwili. Alizaliwa na nywele nyeusi tititi, lakini tangu nilipomwachisha ziwa zimekuwa nyekundu na nyepesi. Mama mkwe anasema ni jua na maji ya ziwa, majirani wananong'ona kwamba ana damu ya kizungu, na wapo wasemao ana ualbino. Nimsikilize nani? — Mama, Ukerewe.

JIBU: Mama, mpeleke mtoto kituo cha afya leo au kesho, usingoje siku ya kliniki. Ualbino mtu huzaliwa nao, nao hugusa nywele, ngozi na macho kwa pamoja. Hauanzi baada ya kuachishwa ziwa. Damu ya kizungu nayo haigeuzi nywele nyeusi kuwa nyekundu ghafla. Jua hupausha nywele kweli, lakini hupausha ncha zaidi kuliko zile zilizotoka karibuni kichwani.

Ninachokihofia ni unyafuzi, ambao wengi huuita kwashakoo. Daktari Cicely Williams aliuandika mwaka 1933 akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alipoona watoto walioachishwa ziwa na kulishwa uji wa mahindi mtupu. Nywele za mtoto mwenye unyafuzi hupoteza weusi, hunyooka na kung'oka kwa urahisi. Mbonyeze mguu kwa kidole gumba: shimo likibaki, au mtoto akiwa amezubaa na hataki kula, nenda hospitali moja kwa moja, kwani matibabu ya hali hiyo huanza taratibu kwa maziwa maalumu chini ya uangalizi. Akipona, nywele mpya zitaanza kutoka nyeusi, na wewe endelea kumpa dagaa waliosagwa, maharage, karanga na mayai.

Kuhusu ualbino sitapita bila kusema. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi, na mara nyingi chanzo ni jeni ya OCA2, iliyorithiwa kwa wazazi wote wawili. Katika baadhi ya mialo ya ziwa letu imekuwapo imani kwamba nywele zao zikifumwa kwenye wavu huvuta samaki, na watu wameumizwa na kuuawa kwa imani za namna hiyo. Unywele wao ni protini ileile ya unywele wako, uliokosa melanini. Hauna kingine ndani yake.

SWALI: Je, mvi ni rangi nyeupe inayoingia kwenye nywele? — Mzee, Nyakato.

JIBU: Hapana, mzee wangu, shikamoo. Mvi ni unywele uliotoka bila rangi, kwa kuwa seli za kutengeneza melanini kwenye shina lake zimekwisha, na weupe unaouona ni mwanga tu unaotawanywa na unywele huo. Ukipaka piko, utabadili sehemu iliyokwisha kutoka, na mpya itaendelea kuota nyeupe. Ijaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku mbili, maana piko nyingi za dukani zina kemikali inayowawasha na kuwavimbisha baadhi ya watu.